Binti wa Kihika

Kabla ya mwaka 2013, mwanasiasa wa Nakuru mwenye njaa ya makubwa hakupoteza muda wake kutafuta udiwani. Diwani alikuwa mtu wa mitaro, taa za barabarani na ugomvi wa vibanda sokoni. Meya alivaa joho na mkufu wa cheo siku za sherehe, lakini waziri wa serikali za mitaa aliweza kulivunja baraza lake kwa amri iliyoandikwa Nairobi. Mwenye mji hasa alikuwa mkuu wa mkoa. Makao yake yalikuwa Nakuru, na mamlaka yake yalienea Bonde la Ufa zima, kutoka Turkana mpakani mwa Sudan hadi Kajiado mpakani mwa Tanzania. Hakuna aliyempigia kura. Aliteuliwa na rais, na rais akipiga simu ni yeye aliyeipokea.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na katiba ya majimbo, na mabaraza ya wilaya yalisimamia shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani. Katiba hiyo ya majimbo iliondolewa mwaka uliofuata. Kisha sheria ya mwaka 1969 ikayanyang'anya mabaraza ya wilaya shule, afya na barabara na kuvipeleka vyote serikali kuu. Nakuru mjini palisalimika kwa sababu manispaa chache kubwa ziliachiwa kazi zao. Lakini ukivuka mpaka wa mji, ukashika njia ya Bahati, Solai, Njoro au Molo, serikali ya mtaa ilikuwa jina tu kwenye kibao cha ofisi.

Kwingine duniani baraza la mtaa ndilo shule ya siasa. Huko Norway, Erna Solberg, aliyekuja kuwa waziri mkuu kuanzia 2013 hadi 2021, alianza akiwa mjumbe wa akiba katika baraza la jiji la Bergen, bado kijana mdogo. Manispaa za huko zina shule, zina huduma za wazee, zina kodi yao, kwa hiyo anayekaa barazani anajifunza kutawala kwa kutawala. Mwanasiasa wa Nakuru wa miaka ya 1970 hakuwa na shule hiyo. Akitaka kuwa na watu wanaomtegemea, pesa za kugawa na kazi za kuonyesha, ilimbidi ajijengee serikali yake mwenyewe ya mtaani.

Hivyo ndivyo alivyofanya Dickson Kihika Kimani.

Serikali yake ilikuwa kampuni ya kununua ardhi, Ngwataniro Mutukanio. Ili kuielewa ni lazima kukumbuka Nakuru ilivyokuwa wakati ule. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na kwa nusu karne iliyofuata mashamba ya mahindi, ngano, pareto na ng'ombe wa maziwa kuanzia Naivasha hadi Molo yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Lord Delamere alikuwa Njoro, Michael Blundell akawa Subukia. Vibarua wao walikuwa maskwota wanaoishi kwenye shamba la bwana na kulima kipande kidogo kwa ruhusa yake. Uhuru ulipokuja na walowezi wakaanza kuondoka, ardhi haikugawiwa bure. Iliuzwa, na kibarua mmoja peke yake asingeweza kununua shamba la ekari elfu kadhaa hata angeishi maisha matatu.

Kampuni zilijaza pengo hilo. Watu walichanga, kila mmoja akapata hisa, kampuni ikaongezea mkopo na kununua shamba zima pamoja na nyumba ya mzungu, mabanda ya ng'ombe na matrekta mabovu. Mwanachama alipewa cheti cha hisa, karatasi yenye muhuri aliyoifunga kwenye plastiki na kuiweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya nguo za kanisani. Kisha alisubiri, pengine miaka mingi. Siku ya ugawaji mpima ardhi alikuwa amekwisha kusimika bikoni, na wanachama walikusanyika uwanjani kuokota vijikaratasi vya namba. Mmoja aliangukia kando ya barabara penye maji, mwingine akaangukia kwenye mawe mteremkoni. Aliyesimama mbele akiyasimamia yote, akijua jina la nani lisomwe mapema na la nani litafutwe tena kwenye daftari, alikuwa na nguvu kuliko diwani yeyote. Yeye ndiye aliyeamua pa kujenga shule, pa kupitisha barabara na pa kuweka kanisa. Hiyo ni serikali ya mtaa, ukitaka kuiita kwa jina lake.

Kihika alikuwa mwenyekiti wa Ngwataniro, na mwaka 1974 kampuni ilimfikisha bungeni kama mbunge wa Nakuru North, eneo lililojaa wanachama wake. Naona watu hukosea wanaposema alitumia ubunge kujenga kampuni. Ilikuwa kinyume chake. Ubunge ulikuwa bima. Mwenye ardhi na watu bila mlango serikalini angeweza kufilisiwa asubuhi moja, na yeye alijua hivyo.

Pengine kujua huko ndiko kulikomfanya aingie kwenye jambo ambalo jina lake halitaachana nalo. Mwaka 1976 Mzee Jomo Kenyatta alikuwa amezeeka na kuugua, na katiba ilisema rais akifa makamu wake atashika hatamu kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, mtu wa Baringo, ambaye siku 90 zingemtosha. Tarehe 26 Septemba 1976 mkutano mkubwa ulifanyika hapa Nakuru kudai kifungu hicho kibadilishwe. Kihika alikuwa mstari wa mbele, na jukwaani walikuwapo wanasiasa Njoroge Mungai, Njenga Karume wa chama cha kikabila cha GEMA, Paul Ngei na Jackson Angaine. Tarehe 6 Oktoba mwanasheria mkuu Charles Njonjo akatoa onyo kwamba kuwaza au kuzungumzia kifo cha rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Kampeni ikazimika pale pale. Inafaa kuona kwamba harakati ya kuamua nani airithi Ikulu haikuanzia Nairobi. Ilianzia Nakuru, na iliongozwa na watu ambao ardhi ya Bonde la Ufa ndiyo iliyowapa sauti.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 na Moi akaapishwa siku hiyo hiyo. Mkuu wa polisi wa mkoa, James Mungai, aliyekuwa akimsumbua Moi alipokuwa makamu, alitoroka nchi. Kihika hakutoroka, lakini mambo yalimgeukia haraka: uongozi wa Ngwataniro ukamponyoka, na katika uchaguzi wa 1979 kiti cha Nakuru North kikachukuliwa na kijana mkali aliyekuwa ametoka kizuizini, Koigi wa Wamwere. Mwaka 1980 vyama vya kikabila, GEMA kikiwemo, viliamriwa kuvunjwa. Baadaye katika muongo huo serikali ilizitaka kampuni za ardhi zigawe mashamba kwa wanachama na kujifunga. Kwa wanachama wengi ilikuwa nafuu, kwa kuwa walikuwa wamechoka kusubiri. Kwa wanasiasa wa aina ya Kihika ilikuwa sawa na kufutiwa mtaji.

Mtu mwingine angestaafu. Kihika alirudi bungeni mfumo wa vyama vingi uliporejea, mwaka 1992 akiwa mbunge wa Laikipia West kwa tiketi ya chama cha Democratic cha Mwai Kibaki, kisha 1997 akiwa mbunge wa Molo kwa chama hicho hicho. Majimbo matatu tofauti katika maisha ya mtu mmoja si jambo la kawaida Kenya, ambako mbunge hutarajiwa kugombea alikozikwa babu yake. Ufafanuzi ni rahisi: wapiga kura wake walikuwa wahamiaji kama yeye, watu waliofika kwa cheti cha hisa, na walikuwa wametapakaa mashamba yote ya zamani ya walowezi. Alipokwenda, aliwakuta.

Na ndio hao waliochomewa nyumba katika mapigano ya kikabila ya nyakati za uchaguzi. Molo iliwaka 1992. Januari 1998, wiki chache tu baada ya Kihika kuchaguliwa huko, mapigano yalianza Laikipia kisha yakaangukia Njoro, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya jimbo la Molo. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza. Mwishoni mwa Desemba 2007 na Januari 2008 moto ulirudi, safari hii hadi Nakuru mjini na Naivasha. Kihika hakuuona huo wa mwisho. Alifariki mwaka 2004. Alikuwa ameacha familia kubwa, jina linalotambulika kila soko kutoka Bahati hadi Elburgon, na swali ambalo hakuwahi kulijibu: mwenye cheti cha hisa akiwa hana serikali ya kumlinda pale alipo, cheti kinamsaidia nini?

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilijaribu kujibu. Ilianzisha kaunti 47, kila moja na gavana na bunge lake, na kuagiza angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa ziende huko. Mkuu wa mkoa akaondoka pamoja na mkoa wenyewe. Nakuru ikabaki na majimbo ya ubunge 11 na wadi 55, na watu ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa 2,162,202. Katika mgao wa mwaka wa fedha wa 2022/23 kaunti hii ilitengewa takriban shilingi bilioni 13, ikiifuata Nairobi. Ghafla siasa ya mtaani ilikuwa na kitu cha kugombania.

Susan Kihika, binti wa Dickson, alikuwa amesoma Marekani na kufanya kazi ya uwakili Texas. Alirudi akitafuta njia ya baba yake: katika uchaguzi wa 2013 aliutaka ubunge wa Bahati, sehemu ya ile Nakuru North ya zamani. Akaukosa. Kiti kilimwendea Kimani Ngunjiri. Jina la Kihika, ambalo watu wengi walidhani lingetosha kule, halikutosha.

Akaingia kwa mlango ambao hakuna aliyeuwazia sana wakati ule. Katiba inasema spika wa bunge la kaunti achaguliwe na wawakilishi wadi, lakini asiwe mmoja wao. Mwanasheria aliyeshindwa uchaguzi anafaa kabisa. Akawa spika wa kwanza wa Bunge la Kaunti ya Nakuru.

Nitakaa kidogo kwenye cheo hiki kwa sababu watu hukidharau. Ukitazama kwa mbali unaona joho, siwa inayobebwa na kuwekwa mezani, na mtu anayesema "Mheshimiwa, keti chini." Spika hapigi kura kama wajumbe wengine. Lakini yeye ndiye anayeamua hoja ipi ifike mezani na lini, na mbele ya kiti chake hupita bajeti yote ya kaunti, uteuzi wa kila waziri wa kaunti, na hoja ya kumtimua gavana ikitokea. Gavana na naibu wake wakitoka wote wawili, spika huikalia ofisi ya gavana kwa muda usiozidi siku 60 hadi uchaguzi ufanyike. Na kuna jambo ambalo katiba haiandiki: spika hujua wawakilishi wadi mmoja mmoja, nani anadaiwa karo, nani ana barabara iliyosombwa na mvua, nani atasaini na nani ataingia mitini. Kwa miaka minne Kihika aliyasikia matatizo ya wadi 55 bila yeye kulaumiwa kwa hata moja. Sijui mafunzo bora kuliko hayo kwa mtu anayetaka kura za kaunti nzima.

Gavana wa kipindi hicho, Kinuthia Mbugua, alikuwa amekuja kwa njia nyingine kabisa. Alikuwa kamanda wa polisi wa utawala, mtu wa amri na ripoti. Aprili 2017 mchujo wa chama cha Jubilee ulimwangusha na Lee Kinyanjui akachukua tiketi, kisha ugavana. Katika uchaguzi huo huo Kihika aliupata useneta wa Nakuru. Aliyemtangulia kwenye kiti hicho aliitwa James Mungai, na wazee wa mji walicheka kidogo, maana hilo lilikuwa pia jina la yule mkuu wa polisi wa 1978. Ni watu wawili tofauti.

Huko Nairobi alipanda haraka. Jubilee ilimfanya kiranja wa walio wengi katika Seneti, kazi ya kuhesabu vichwa kabla ya kura na kuwakumbusha maseneta wapi mkate wao unapakwa siagi. Lakini kuanzia mapatano ya Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga ya Machi 2018, chama kiligawanyika kati ya rais na naibu wake, William Ruto, na Kihika akawa upande wa Ruto. Mei 2020, baada ya mkutano wa maseneta wa chama Ikulu, yeye na kiongozi wa walio wengi, Kipchumba Murkomen, waliondolewa. Nafasi ya Kihika ikaenda kwa Irungu Kang'ata.

Wiki chache baadaye Seneti iliingia katika mabishano makali kuliko yote ya ugatuzi: kaunti zigawane vipi pesa, kwa wingi wa watu au kwa ukubwa wa eneo na umaskini? Mabishano yaliburuzwa hadi Septemba, kikao baada ya kikao, huku magavana wakilia kwamba hawana mishahara ya kulipa. Nakuru, kaunti ya watu wengi, ilikuwa miongoni mwa zile za kufaidika na hesabu ya vichwa. Aliyekuwa Nairobi mwaka ule aliona wazi kwamba seneta huamua pesa ziende wapi, lakini gavana ndiye anayezitumia. Ndiyo maana maseneta wengi, ukiwauliza wanataka nini baada ya Seneti, hujibu kwamba wanataka kurudi nyumbani, na wanamaanisha ofisi ya gavana.

Agosti 2022 Kihika aligombea ugavana kwa tiketi ya UDA, chama cha Ruto, dhidi ya Kinyanjui, aliyekuwa akitetea kiti. Alimpita kwa kura zilizokaribia maradufu. Wapo wanaosema ni wimbi la Ruto tu, na wimbi lilikuwapo. Nakuru yote ilikuwa imeegemea huko. Lakini wimbi halikumchagua yeye kati ya wote waliokuwa tayari kulipanda. Kati ya magavana 47 walioapishwa mwaka ule, saba walikuwa wanawake, na yeye alikuwa mmoja wao. Miaka mitano kabla walikuwa watatu.

Kinyanjui alimwachia mji uliopandishwa hadhi. Uhuru Kenyatta alikuwa ameikabidhi Nakuru hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, jiji la nne la nchi baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Alimwachia pia hospitali kubwa ya rufaa ambayo wagonjwa huijia kutoka Baringo, Nyandarua na Narok, kaunti ambazo hazichangii bajeti yake. Anayedhani ugavana ni kukata utepe akae saa moja kwenye lango la hospitali ile.

Na ardhi? Hapa ndipo binti anapoachana na baba. Mwishoni mwa 2023 serikali yake iliingia katika mgogoro juu ya Nakuru War Memorial Hospital: kaunti ikisema muda wa kukodisha ardhi ya hospitali ile ya zama za walowezi umekwisha na ardhi imerudi kwa umma, wakurugenzi wakikimbilia mahakamani kuipinga. Kesi ikazaa kesi. Mwenyekiti wa Ngwataniro angeamua jambo kama hilo uwanjani, mbele ya wanachama, kwa daftari mkononi, na anayelalamika angesukumwa nyuma ya foleni. Gavana hana daftari hilo. Kaunti inapima na kupanga, lakini hatimiliki inatolewa na serikali kuu, na mtoto wa mwanachama wa 1974 anayeshika cheti cha hisa cha marehemu babake hutumwa ofisi ya ardhi ambayo gavana hana mamlaka nayo. Hati zinapokuwa tayari, mara nyingi ni rais anayekuja kuzigawa, kamera zikiwapo.

Amepata pia lawama ambazo hakuna gavana mwanamume wa Nakuru aliyewahi kuzipata. Alipokaa ng'ambo kwa miezi kadhaa kwa likizo ya uzazi hadi mwanzoni mwa 2025, mjadala wa nani anaendesha kaunti ulisikika hadi kwenye matatu za Naivasha. Swali la kazi lilikuwa halali, kwa kuwa kaunti haiwezi kukaa bila saini. Lakini sehemu kubwa ya kelele haikuwa ya kazi, na aliyesafiri na matatu hizo anajua.

Na waliomtangulia? Kinuthia Mbugua, baada ya kushindwa, aliteuliwa mwaka 2018 kuwa mdhibiti wa Ikulu. Lee Kinyanjui aliingia katika baraza la mawaziri la Ruto mwanzoni mwa 2025, akiwa waziri wa uwekezaji, biashara na viwanda. Kabla ya ugavana alikuwa mbunge wa Nakuru mjini, waziri msaidizi wa barabara, na mwenyekiti wa mamlaka ya usalama barabarani. Magavana hao wawili walikuwa wameshika teuzi za serikali kuu kabla ya ugavana, na baadaye wakarudishwa kwenye teuzi za rais. Hadi sasa Kihika ndiye gavana pekee wa Nakuru aliyeianza safari ya kuifikia ofisi hiyo ndani ya serikali ya kaunti yenyewe, kwa kiti cha spika na kura za wawakilishi wadi waliomjua kabla taifa halijamjua. Katiba inamruhusu kuomba muhula mmoja zaidi Agosti 2027, na wawakilishi wa wadi 55 watakuwa wakitafuta kura siku hiyo hiyo, wengi wao wakiwa na hesabu zao wenyewe juu ya ofisi yake.